Baridi Yabisi Isiyo Baridi Wala Yabisi

Asubuhi moja kule Kalundu, karibu na bandari ya Uvira, shangazi yangu alininyooshea mkono wa kulia. "Shika hapa, mwanangu." Nikaweka mgongo wa kiganja changu juu ya vifundo vya vidole vyake, pale kidole cha shahada na kile cha kati vinapoungana na kiganja, kisha nikausogeza taratibu hadi karibu na kisukusuku. Sikuhitaji kipimajoto kuijua tofauti. Kisukusukuni ngozi ilikuwa na ubaridi wa alfajiri ya ziwani. Kwenye vifundo ilikuwa ya moto, imevutika hadi inang'aa, na nilipobonyeza sikukuta mfupa bali kitu laini chenye majimaji. Mkono wa kushoto ulikuwa vilevile, kwenye vifundo vilevile. Lakini nilipomuuliza anaumwa nini, jibu alikuwa nalo tayari: "Ni baridi. Baridi ya ziwa imeniingia mifupani."

Somo letu linaanzia hapo, kwenye ubishi kati ya jina la ugonjwa na mkono unaougusa.

Kiswahili sanifu kinauita baridi yabisi. Yabisi ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, maana yake kavu, kilichokauka kikawa kigumu. Jina hili limebeba ndani yake elimu nzima ya tiba ya kale, ile iliyoanzia kwa Wagiriki, ikaendelezwa na wasomi wa Kiislamu kama Ibn Sina, ikafika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na majahazi. Katika elimu hiyo mwili una hali nne: joto, baridi, unyevu na ukavu, na ugonjwa ni hali hizo kupoteza uwiano. Mtu ambaye viungo vimemkakamaa alionekana amezidiwa na baridi na ukavu, na tiba ikalifuata jina: mpe joto, mpake mafuta. Huku Uvira wengi wetu tunasema rumatizimu, neno tulilopewa na Kifaransa, lenye mzizi wa Kigiriki unaohusu kutiririka. Waganga wa kale wa Ulaya waliamini kwamba kuna maji mabaya yanayoshuka mwilini na kutuama viungoni. Majina yote mawili yalitungwa na watu makini waliotazama kwa nje, kwa sababu ndani hapakuwa na njia ya kutazama.

Sisi tunayo njia hiyo, basi tuingie.

Boti inapofunga gati Kalundu, utaona matairi makuukuu yamening'inizwa ubavuni ili chuma kisigonge zege. Mifupa miwili inapokutana, ncha ya kila mmoja nayo imevikwa kinga ya namna hiyo: gegedu, kile kitu cheupe, laini, chenye kunepa, unachokikuta mwishoni mwa mfupa wa kuku ukishamaliza nyama. Kati ya gegedu na gegedu kuna ute, tena kidogo sana. Goti zima la mtu mzima mwenye afya halina hata kijiko kimoja cha chai. Paracelsus, mganga Mswisi wa karne ya 16, alipouona aliupa jina la Kilatini lenye neno yai ndani yake, kwa kuwa ulifanana na sehemu nyeupe ya yai bichi. Kiswahili hakikuhitaji kufikiri mbali: ute wa yai, ute wa kiungo, neno ni lile lile.

Ute huo hutengenezwa na utando unaokifunika kiungo kwa ndani. Utando wenyewe ni mwembamba mno, tabaka lake la juu lina chembe moja hadi tatu tu kwenda chini. Na gegedu, ambayo tungedhani ni kitu imara kinachojitegemea, haina mishipa ya damu hata mmoja. Chakula chake kinatoka kwenye ute. Kiungo kikikunjwa na kukunjuliwa, gegedu hubanwa na kuachiwa kama sifongo ndani ya beseni, inatema ute uliokwisha kutumika na kunyonya mpya. Kiungo kisichosogea kina gegedu yenye njaa. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia tukifika kwenye tiba.

Sasa, moto unatoka wapi?

Mwili una walinzi wake, yaani chembe nyeupe za damu na kingamwili zinazotengenezwa na baadhi ya chembe hizo. Kazi yao inategemea kitu kimoja, kumjua mwenyeji na kumjua mgeni. Kwa watu wenye urithi wa namna fulani, utambuzi huo huvurugika. Protini za mwili zinaweza kubadilishwa kidogo, kipande chake kimoja kiitwacho arginini kikageuzwa kuwa sitrulini. Mabadiliko hayo hutokea zaidi mahali penye bughudha ya muda mrefu, kama mapafu ya mvuta sigara au fizi zilizooza. Walinzi wakiikuta protini iliyobadilika wanaiona ngeni, wanatengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo zaweza kukaa katika damu miaka kadhaa kabla kidole cha kwanza hakijavimba.

Siku vita vikihamia kwenye utando wa kiungo, ule utando mwembamba unanenepa. Unaota mishipa mipya ya damu. Unajaa chembe nyeupe zinazoitana kwa ujumbe wa kemikali, na kila inayoitikia inaita nyingine. Wataalamu wameupa ujumbe huo majina kama TNF na interleukini-6. Damu inayokuja kwa wingi ndiyo joto nililolihisi kwa mgongo wa kiganja. Maji yanayovuja kutoka mishipani ndiyo ulaini nilioukuta nilipobonyeza. Ukiachwa, utando ulionenepa hutambaa juu ya gegedu na kuila, kisha huanza kuutoboa mfupa wenyewe, na kidole kilichopinda kwa njia hiyo hakinyooki tena. Ujumbe ule wa kemikali hauishii viungoni pia. Unasafiri na damu, ndiyo maana mgonjwa huchoka bila kazi, hukonda, hupungukiwa damu, na baada ya miaka mingi hata moyo wake huwa katika hatari kubwa kuliko wa jirani yake.

Kwa hiyo ndani ya baridi yabisi hakuna baridi na hakuna yabisi. Kuna moto, na kuna maji.

Shangazi naye hakuwa anaropoka. Interleukini-6 ina saa zake: kwa wagonjwa hawa hupanda usiku na kufika juu kabisa kuelekea asubuhi. Mtu aliyelala hasogei, basi maji yaliyovuja hubaki yametuama kiungoni. Yakijumlishwa hayo, saa mbaya kuliko zote inakuwa alfajiri, na kando ya Tanganyika alfajiri ndiyo saa ya baridi kuliko zote, wavuvi wanaporudi na taa zao na akina mama wanashuka ufukweni kupokea ndagala, wale samaki wadogo. Vidole vinagoma kukunjika wakati ule ule upepo unapovuma. Wapo wagonjwa ambao maumivu huwazidi hali ya hewa ikibadilika. Lakini upepo haujawahi kuufundisha mwili kujipiga wenyewe, na mtu aliyehama Kalundu akaenda kuishi kwenye joto la bonde la Ruzizi atakwenda na ugonjwa wake.

Si kila kiungo kinachouma ni hiki. Goti la mzee lililosagika kwa miaka huuma zaidi kadiri linavyotumika, na ukakamavu wake wa asubuhi huisha kwa dakika chache. Jongo huvamia usiku mmoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Chikungunya, ugonjwa unaoletwa na mbu na wenye jina la Kimakonde kwa sababu ulielezwa mara ya kwanza kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika baada ya mlipuko wa 1952 na 1953, unaweza kuacha viungo vimevimba miezi mingi na kumdanganya hata daktari. Dalili za ugonjwa tunaouzungumza ni hizi zikikutana pamoja: viungo vidogo vya mikono au miguu, pande zote mbili, vimevimba, asubuhi vinakakamaa zaidi ya nusu saa, mara nyingi zaidi ya saa nzima, na hali hiyo imepita wiki sita. Wanawake huupata mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Zamani vitabu viliandika kwamba Waafrika hawaupati kwa urahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinshasa walipowachunguza wakazi wa mji huo, kazi yao ikachapishwa mwaka 2012, walikuta watu wapatao sita katika kila elfu moja. Ukiuweka ukubwa huo kwenye mji wowote wa ufukwe wetu, hao ni watu wengi wanaoambiwa kila siku wajifunike blanketi.

Tuje kwenye tiba, na hasa zile ambazo mgonjwa hujifanyia nyumbani au huletewa na ndugu. Nazigawa kwa neno moja tu. Ipo tiba inayokaa pembeni ya dawa ya hospitali, na ipo inayokaa badala yake. Maji moto yale yale, mafuta yale yale, mzizi ule ule, huweza kuwa rafiki yakikaa pembeni, na yakikaa badala yakamgharimu mtu vidole vyake, kwa sababu maumivu yanaweza kupungua huku utando ukiendelea kula mfupa kimyakimya.

Lakini tutajuaje kama kitu kinasaidia? Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Ugonjwa huu hupanda na kushuka kama ziwa lenyewe. Mtu hatafuti dawa siku ana nafuu, anaitafuta siku maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele kwa kawaida kuna kushuka, hata angekunywa maji matupu. Dawa yoyote aliyoinunua siku hiyo itapewa sifa. Dawa ya mtu mmoja, kwa hiyo, haithibitishwi na kupona kwa mtu mmoja. Inabidi wagonjwa wengi, nusu wapewe kitu chenyewe, nusu wapewe kinachofanana nacho kwa sura tu, na wenyewe wasijue nani kapata kipi.

Chukua kikuku cha shaba. Huku kwetu kina heshima, maana shaba ni yetu, inatoka Katanga, na nimewaona wazee wengi wanaokivaa wakiamini kinanyonya ugonjwa kupitia ngozi. Mwaka 2013 watafiti wa York, Uingereza, wakiongozwa na Stewart Richmond, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 70 wenye ugonjwa huu hasa. Kila mmoja alivaa kwa zamu, katika muda wa miezi mitano, vifaa vinne: kikuku cha shaba, mkanda wenye sumaku ya nguvu na mingine iliyofanana nao lakini sumaku yake ni dhaifu au haina kitu. Wakapimwa maumivu, uvimbe, na dawa walizotumia. Shaba haikuzidi vingine, wala sumaku. Anayekipenda kikuku chake akivae kama pambo. Fedha ya kununulia kingine aiweke akiba ya nauli ya hospitali.

Jambo la samaki ni tofauti kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Ukuta wa kila chembe ya mwili umejengwa kwa mafuta, na mafuta hayo yanatokana na tunachokula. Kuna jamii ya mafuta iitwayo omega-6, iliyojaa katika mafuta ya alizeti, ya mahindi na ya soya. Chembe inapotaka kuita msaada, huchukua kipande cha omega-6 kutoka ukutani mwake, kimeng'enya kikakigeuza kuwa prostaglandini, na prostaglandini ndiyo inayosema: leta damu, vimba, uma. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini inatuliza maumivu kwa kukizuia kimeng'enya hicho, na mwaka 1982 akashiriki tuzo ya Nobel. Ibuprofeni na diklofenaki zinazouzwa katika kila farmasi ya Uvira hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Jamii nyingine ya mafuta, omega-3, hupita mlango ule ule. Inapokuwa nyingi ukutani mwa chembe, kimeng'enya hukutana nayo mahali pa omega-6, na ujumbe unaotoka ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo kimeng'enya hakijazuiwa, kimelishwa kitu kingine. Ndiyo maana matokeo hayaji kesho, kwani kuta za chembe hujengwa upya polepole. Mwaka 2007 majaribio 17 ya omega-3 yalikusanywa na kuhesabiwa pamoja: baada ya miezi mitatu au minne wagonjwa waliripoti maumivu kidogo zaidi, ukakamavu wa asubuhi ulifupika, na walipunguza vidonge vya maumivu. Kipimo kilichotumika katika mengi ya majaribio hayo, karibu gramu tatu za omega-3 kwa siku, kinatoka kwenye vidonge vya mafuta ya samaki. Sahani ya kawaida haikifikii kwa urahisi. Lakini sahani ya kila siku ni bora kuliko kidonge ambacho mtu hawezi kukinunua.

Na omega-3 haianzi kwa samaki. Inaanza kwenye mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao huliwa na wadudu wadogo wa majini, ambao huliwa na ndagala, ambaye huliwa na mukeke. Mwani huo unahitaji mbolea, na mbolea ya Tanganyika imezama chini, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470. Kinachoipandisha ni upepo wa kusini wa kiangazi, unaoyasukuma na kuyachanganya maji. Upepo ule ule unaolaumiwa kwa vidole vya shangazi ndio unaomletea ndagala. Na hapa kuna jambo linaloniumiza: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamezidi kupata joto kwa miongo kadhaa, na maji yenye joto hukaa juu kama kifuniko, hayachanganyiki. Mwani unapungua, na samaki wanaoutegemea. Mama asiye na fedha anaiona sayansi hiyo sokoni, kopo la ndagala linapozidi kupanda bei.

Shauri langu la jikoni linatoka kwenye tabia ya mafuta hayo. Omega-3 huharibika upesi ikikutana na hewa, jua na moto mkali. Ndagala aliyeanikwa mchangani siku nyingi, akageuka manjano na kunuka mafuta yaliyochacha, bado ana protini na chokaa ya mifupa, lakini sehemu kubwa ya hazina hii imekwenda. Mbichi ni bora, na wa kuchemshwa na nyanya na mchuzi wake ukaliwa pamoja na bugali, ni bora kuliko wa kukaangwa hadi akakauka.

Turudi kwenye gegedu yenye njaa. Kwa vizazi vingi mgonjwa aliambiwa apumzike, asiutumie mkono. Pumziko la siku chache uvimbe ukiwa mkali ni haki yake. Likizidi, misuli inanyauka, kano zinafupika, na gegedu inakosa ute mpya. Huko Uingereza wagonjwa 490 waligawanywa makundi mawili. Wote waliendelea na dawa zao, na kundi moja lilifundishwa mazoezi ya mikono ya kunyoosha na ya nguvu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya mwaka mmoja mikono ya waliofanya mazoezi ilifanya kazi vizuri zaidi, na ugonjwa haukuchochewa. Hakukuhitajika mashine ya maana. Siku hizi shangazi akiamka huweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anafumba ngumi polepole, anafumbua, anatanua vidole, kisha kidole gumba kinakwenda kusalimia kila kidole kwa zamu. Baada ya hapo hukamua kitambaa. Mpini wa mwiko wa bugali tumeuzungushia kitambaa ukawa mnene, kwa sababu kitu chembamba humlazimu mtu kubana kwa nguvu, na nguvu hiyo yote huishia kwenye vifundo vidogo. Sombe, yaani majani ya muhogo, inapelekwa mashineni, mchi tumempokonya.

Joto lenyewe lina nafasi yake. Hulegeza misuli iliyojikaza kukilinda kiungo, hutuliza mishipa ya fahamu, na kumrahisishia mtu mazoezi. Utando uliovimba, hata hivyo, haulijui joto hilo. Litapita, nao utaendelea. Kiungo kilicho cha moto na kilichojaa maji mara nyingi hufurahia zaidi kitambaa cha maji baridi kwa dakika kumi, ingawa kusema hivyo mbele ya mtu aliyeambiwa ana baridi kunahitaji upole. Chini ya maji karibu na rasi ya Banza, kwenye ncha ya Ubwari, kuna chemchemi ambazo wanajiolojia wamezipima na kukuta joto la kukaribia kuchemka. Dunia nzima watu huoga maji ya namna hiyo kwa ajili ya viungo, na majaribio yaliyofanywa kuhusu bafu hizo ni machache na madogo. Maji ya chemchemi yakishapoa hadi uvuguvugu, hayana ninachoweza kukiahidi zaidi ya beseni la nyumbani.

Tangawizi na manjano? Katika maabara vyote viwili hupunguza ujumbe wa mwako, na kwa manjano kuna majaribio kadhaa ya wagonjwa yenye matokeo ya kutia moyo, ila ni madogo, na kiini chake, kukumini, hunyonywa vibaya sana na utumbo. Weka kwenye chakula bila hofu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivifanye dozi bila kumwambia daktari. Mchanganyiko wa mizizi usiojulikana ni habari nyingine, kwa kuwa ini linalousafisha ndilo ini linalosafisha dawa ya hospitali.

Kuchanjwa chale na kupakwa dawa juu ya kiungo nakukataa moja kwa moja. Wembe mmoja uliopita kwa watu wawili unatosha kupeleka homa ya ini ya aina ya B au virusi vya Ukimwi, na jeraha chafu huleta pepopunda. Hakuna chale inayofika kwenye utando.

Kuna kitu kingine kinachonitia hofu kuliko chale, nacho ni unga usio na jina unaoponya kwa siku tatu. Mwezi wa Septemba 1948, kwenye kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hawezi hata kutembea sawasawa, dawa ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Siku chache baadaye alitoka kwenda madukani kwa miguu yake. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Nobel. Muda si muda madhara nayo yakaonekana: uso kuvimba kama mwezi, sukari na shinikizo kupanda, mifupa kuwa dhaifu, kinga kushuka hadi kifua kikuu kilicholala kikaamka. Katika nchi nyingi, unga na vidonge vilivyouzwa kama mitishamba ya viungo vimepimwa na kukutwa na ndugu za kotisoni ndani yake, hasa deksamethasoni, kidonge kile kile ambacho baadhi ya wasichana mijini humeza ili wanenepe. Anayekula kitu hicho miezi mingi bila kujua, tezi zake za juu ya figo hulala. Akikiacha ghafla, shinikizo linaweza kuporomoka akafa. Mtishamba wa kweli haumfanyi mtu aliyelala kitandani acheze ngoma siku ya tatu. Ukiona hivyo, usiutupe na usiuache ghafla. Upeleke kwa daktari pamoja na mgonjwa.

Sisemi haya kwa kudharau miti. Kwenye milima ya Kivu kuna mashamba ya mkwinini, na Pharmakina ya Bukavu imetoa kwinini kutoka kwenye maganda yake kwa miongo mingi. Juhudi za kutafuta mbadala wa kwinini ziliwafikisha wakemia kwenye mepakrini na klorokwini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari walimezeshwa mepakrini dhidi ya malaria, na kumbe baadhi ya wenye magonjwa ya ngozi na viungo wakapata nafuu. Mwaka 1951 daktari Francis Page akaandika habari za nafuu ya namna hiyo katika jarida la kitabibu huko London. Kutoka kwenye ukoo huo tukapata haidroksiklorokwini, inayotumika hadi leo kutuliza kinga iliyopotea njia. Kwinini yenyewe haitibu ugonjwa huu, na klorokwini ya kujinunulia inaweza kuharibu macho.

Dawa ya msingi leo ni methotreksati. Ni ya zamani, si ghali, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na inafika kule ambako beseni, ndagala na mazoezi havifiki: inazuia utando usile mfupa. Haitumiki kwa mjamzito wala anayetaka kushika mimba, pombe haipatani nayo, na damu hupimwa mara kwa mara. Tena humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku, kwa kuizoea tabia ya vidonge vingine, kumeua watu. Kwa shangazi tumechagua Jumapili, baada ya misa, na kalenda iko ukutani juu ya beseni.

Kwa hiyo, msomaji, kama vidole vyako vya mikono yote miwili vimevimba, asubuhi havifumbiki hadi jua limepanda, na hali hiyo imepita wiki sita, usisubiri kiangazi kiishe ndipo baridi iondoke. Nenda hospitali juma hili, uombe kupimwa baridi yabisi kwa jina lake. Bebea daktari kila unachotumia: chupa ya mafuta, mzizi, unga uliofungwa kwenye karatasi, vyote. Uviweke mezani mbele yake, kisha umpe mkono wako aushike.